Gari Lililoibwa Huenda Wapi?

Pembezoni mwa barabara inayopita Sabasaba, jijini Dodoma, nilisimama asubuhi moja kumtazama kijana anayejipatia riziki kwa kuchora namba za usajili kwenye vioo vya magari. Mbele yake ilikuwepo Toyota IST iliyoletwa karibuni kutoka bandari ya Dar es Salaam, na viti vyake vilikuwa bado vimevikwa nailoni. Kijana alibandika kwenye kioo karatasi iliyotobolewa kwa umbo la herufi na tarakimu, akapitisha juu yake mashine ndogo iliyolia kama nyigu, kioo kikatoa unga mweupe, akaufuta kwa kitambaa chenye maji, na namba ikabaki imezama ndani ya kioo. Alipomaliza vioo vya milango akahamia kwenye saitimira, kisha akamgeukia mwenye gari.

"Mzee, na taa tuandike?"

"Andika kote, mwanangu. Hata masega, ungeyafikia, ningekwambia uandike," alijibu, akimaanisha kifaa cha kusafishia moshi kilichomo kwenye ekzosi.

Mtu asiyeyajua mambo ya magari angeweza kuuliza kazi ile inazuia nini, maana namba iliyochorwa haifungi mlango, haipigi king'ora wala haimzuii mwenye bisibisi kung'oa saitimira usiku wa manane. Inachofanya ni kuiharibu bidhaa sokoni: kioo chenye namba ya gari la mtu mwingine hakiuziki kirahisi, na anayekinunua anajua fika amenunua nini. Nimeanza na kijana huyo kwa sababu historia ya wizi wa magari husimuliwa kwa kawaida kama mashindano kati ya mtengeneza kufuli na mvunja kufuli, na mimi naamini kwamba hiyo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili, ambayo ndiyo nzito, ni habari ya mnunuzi. Gari, au kipande chake, huibwa pale linapokuwa na mahali pa kwenda, na teknolojia za kulilinda zimefanikiwa au kushindwa kwa kadiri zilivyougusa ukweli huo.

Watu wa Kanda ya Kati walilijua jambo hili kabla ya gari la kwanza kupita Ugogo, kwa sababu walikuwa na ng'ombe. Zizi la miiba humchelewesha fisi na mwizi kwa usiku mmoja, lakini alama iliyokatwa sikioni au chapa ya moto ubavuni humfuata mnyama hadi mnadani, mbele ya macho ya wanunuzi na wazee wanaozijua alama za koo na jirani zao. Mwizi wa ng'ombe alilazimika ama kumchinja mnyama upesi na kuuza nyama, ama kumswaga mbali, mahali ambapo alama ile haisomeki kwa mtu yeyote. Sungusungu walipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa Wasukuma na Wanyamwezi, katika mikoa ya Shinyanga na Tabora, sehemu kubwa ya nguvu yao ilikuwa ni kuifuata nyayo ya mifugo kijiji kwa kijiji hadi ilipoishia. Leo sheria ya utambuzi na ufuatiliaji wa mifugo ya mwaka 2010 na hereni za kielektroniki zinazovalishwa ng'ombe zinaendeleza wazo lile lile la kumpa mnyama jina asiloweza kulivua. Njia hizo mbili za mwizi, yaani kuchinja na kuswaga mbali, ndizo pia njia mbili kuu za gari lililoibwa, na naomba msomaji azishike tunapoendelea.

Gari lenyewe lilianza maisha bila ufunguo. Karl Benz alipopata hataza ya gari lake nchini Ujerumani mwaka 1886, na kwa miaka mingi baada ya hapo, kuwasha injini kulikuwa kazi ya misuli na ujuzi: dereva wa magari mengi ya enzi hiyo alisimama mbele ya gari, akazungusha hendeli, huku akiwa ameshaweka sawa mafuta na majira ya cheche, na akikosea hendeli ilirudi kwa nguvu na kuweza kumvunja mkono. Magari yalikuwa machache, wenye nayo walijulikana mjini, na ugumu wa kuyaendesha ulikuwa ulinzi wa aina yake. Ulinzi huo uliondoka kwa jambo jema. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kuuza magari yenye starta ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na tangu hapo mtu yeyote, kijana au mzee, mwenye nguvu au dhaifu, aliweza kuwasha gari akiwa amekaa. Kila kinachomrahisishia mwenye gari kulitumia humrahisishia na asiye mwenyewe. Tutalikuta jambo hilo tena miaka 90 baadaye, kwenye rimoti.

Lililofanya wizi uwe biashara, hata hivyo, lilikuwa wingi. Ford Model T ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15, bei yake ikishuka kutoka dola 850 hadi chini ya dola 300, na kati ya 1914 na 1925 yote yalitoka kiwandani yakiwa na rangi nyeusi. Hebu fikiria mji uliojaa magari ya umbo moja, rangi moja, vipuri vinavyoingiliana, na funguo za aina chache tu kiasi kwamba ufunguo wa gari moja ulifungua mengi. Gari lililoibwa asubuhi lingeegeshwa jioni katikati ya ndugu zake na lisingeonekana kuwa geni. Hakukuwa na haja hata ya kulipeleka mbali, ingawa Wamarekani wengi walioiba magari waligundua upesi kwamba kuvuka mpaka wa jimbo kuliwaacha polisi wa jimbo la kwanza wakiwa hawana mamlaka. Ndiyo maana mwaka 1919 Bunge la Marekani lilipitisha sheria, inayojulikana kwa jina la mbunge Dyer, iliyofanya kusafirisha gari la wizi kutoka jimbo moja hadi jingine kuwa kosa la serikali kuu, lenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka mitano. Sheria hiyo haikugusa kufuli hata kidogo, bali iligusa njia ya kuswaga.

Katika miongo iliyofuata palikuwa na kundi jingine la wezi ambalo halikutaka kuuza chochote. Walikuwa vijana, wengi wao wa Ulaya na Marekani, waliochukua gari usiku, wakalizungusha mjini kwa ajili ya raha au ili kufika nyumbani, kisha wakalitelekeza. Kwa kundi hili kufuli ilikuwa dawa ya kweli, kwa sababu raha ya usiku mmoja haimpi mtu subira ya kupambana na chuma. Ujerumani Magharibi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ililazimisha magari yote, mapya na ya zamani, yawe na kufuli ya usukani, ambayo huukaza usukani mara ufunguo unapotolewa, na wizi ukapungua sana na kubaki chini. Uingereza nayo iliweka kufuli hiyo kuanzia 1971, lakini kwa magari mapya peke yake. Matokeo yake yanafundisha kuliko takwimu nyingi: magari mapya yaliibwa kwa nadra zaidi, na wezi wakahamia kwenye yale ya zamani yasiyokuwa na kufuli. Nchi ya kwanza iliwalinda watu wote, ya pili ikawalinda walioweza kununua gari jipya na kuupeleka mzigo kwa walioshindwa. Nadhani kila nchi inayoagiza magari yaliyotumika, na yetu ni mojawapo, inapaswa kuusoma mfano huo wa Uingereza mara mbili.

Wakati kufuli ikiimarika, chapa nayo ilikuwa inakua. Namba za chasisi na injini zilikuwepo tangu zamani, kila kiwanda kikiwa na utaratibu wake, hadi Marekani ilipoweka mwaka 1981 namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17 kwa mpangilio mmoja. Ndani yake mmesimbwa nchi, kiwanda, aina ya gari, mwaka na mfuatano wa kutengenezwa, na herufi I, O na Q haziruhusiwi ili mtu asizichanganye na 1 na 0. Nafasi ya tisa ni ya kupima uhalali: tarakimu hiyo hupatikana kwa kukokotoa nyingine zote, hivyo anayebuni namba kichwani kwa kawaida hujikuta ameandika namba isiyokubali hesabu yake yenyewe.

Lakini magari tunayoyaona Dodoma, kwa sehemu kubwa, hayana namba hiyo. Yalitengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, ambalo hutumia namba fupi ya chasisi: kwa Toyota IST ya kizazi cha kwanza yenye injini ya ukubwa wa 1.3, kwa mfano, huanza na NCP60, ambayo ni jina la aina ya gari, ikifuatiwa na tarakimu saba za mfuatano. Hakuna tarakimu ya kupima uhalali ndani yake. Namba ya Kijapani inategemea kabisa karatasi zinazoandamana na gari, yaani hati ya kufutiwa usajili Japani, nyaraka za forodha, na hatimaye kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambayo tangu ilipoanza kazi mwaka 1996 ndiyo yenye daftari la magari. Kwa maneno mengine, chapa ya gari letu ina nusu mbili, moja imegongwa kwenye chuma na nyingine imeandikwa kwenye daftari, na mghushi anahitaji kushinda upande mmoja tu ikiwa mnunuzi hajilazimishi kuzikutanisha.

Upande wa chuma una siri inayostahili kuelezwa. Namba inapogongwa, chuma kilicho chini ya tarakimu hukandamizwa kwa kina kinachozidi kile tunachokiona kwa macho. Anayeipiga tupa namba ya asili hadi uso uwe laini huondoa umbo la tarakimu, lakini huacha chini yake chuma kilichosongamana tofauti na jirani yake. Mtaalamu wa uchunguzi wa jinai husugua sehemu hiyo hadi ing'ae, kisha hupaka kemikali yenye asidi, na kwa kuwa chuma kilichokandamizwa huliwa na asidi kwa kasi isiyo sawa na kile kisichoguswa, tarakimu za zamani hujitokeza taratibu mbele ya macho yake kama maandishi kwenye kioo kilichopuliziwa pumzi. Ndiyo sababu wanaoghushi kwa ustadi huacha kufuta, na badala yake hukata kipande kizima chenye namba kutoka kwenye gari lililopata ajali na kukichomelea kwenye lile la wizi. Gari lililogongeka vibaya, ambalo bati lake halina thamani tena, huuzwa kwa bei isiyolingana kabisa na uchakavu wake kwa sababu mnunuzi wa namna hiyo ananunua jina na kadi.

Turudi kwenye kufuli, ambayo mwishoni mwa karne iliyopita iliacha kuwa chuma na kuwa mazungumzo. Mwaka 1986 gari la Chevrolet Corvette lilitoka na ufunguo wenye kipande kidogo cha kuzuia umeme, na gari lilipima kipimo chake kabla ya kukubali kuwaka. Vipimo vilikuwa 15 tu, idadi ambayo mtu mvumilivu angeweza kuijaribu yote. Kilichofuata ni chipu ndani ya ufunguo. Gari hutuma swali kwa mawimbi ya redio, chipu hujibu kwa hesabu ya siri, na jibu likikosewa kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wetu huiita kontroboksi, hukataa kuruhusu mafuta au cheche. Kifaa hiki huitwa imobilaiza. Umoja wa Ulaya ulikifanya kuwa cha lazima kwa magari mapya kuanzia Oktoba 1998, Australia mwaka 2001, Kanada mwaka 2007, na katika nchi hizo wizi wa magari ulishuka sana.

Marekani haikuweka sharti hilo, na miaka mingi baadaye ikaonekana gharama yake. Magari ya Hyundai na Kia ya mwaka wa modeli 2015 yaliyouzwa huko yalikuwa na imobilaiza kama kifaa cha kawaida katika asilimia 26 tu ya aina zake, wakati kwa watengenezaji wengine ilikuwa asilimia 96. Kuanzia mwaka 2021, mjini Milwaukee na kisha kote nchini, vijana wadogo walionyeshana kwa video namna ya kuyawasha, na mamia kwa maelfu ya wenye magari ya bei nafuu wakajikuta hawalali. Kanada, kampuni hizo hizo zilikuwa zikiweka kifaa hicho kwa sababu sheria iliwataka.

Je, chipu ilimaliza kazi? Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara za RSA, kampuni ya usalama wa kompyuta, walionyesha kwamba chipu moja iliyotumika kwenye mamilioni ya funguo ililindwa na siri yenye biti 40, yaani uwezekano wa takribani trilioni 1.1, idadi inayotisha kwa mdomo lakini ambayo kompyuta zilizopangwa vizuri ziliimaliza kwa muda mfupi. Kisha ikaja rimoti isiyohitaji kubonyezwa, ile inayokaa mfukoni na gari likafunguka lenyewe. Gari hutuma mnong'ono wa mawimbi usiofika mbali, na ufunguo ukiusikia hujibu. Usalama wote umejengwa juu ya dhana kwamba anayesikia mnong'ono yuko karibu. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH mjini Zürich walijaribu magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8, na yote yalidanganywa kwa kupokezana mnong'ono huo kutoka pembeni ya gari hadi karibu na ufunguo uliokuwa mahali pengine. Hapakuvunjwa siri yoyote. Gari liliuliza, ufunguo wa kweli ukajibu kweli, ila mwenye ufunguo alikuwa amelala na ufunguo wake uko juu ya kabati.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuacha kabisa kusumbuka na ufunguo. Vifaa vya ndani ya gari la kisasa, kuanzia breki hadi taa, husemezana kupitia mtandao wa nyaya ambao mfumo wake ulitambulishwa na kampuni ya Bosch mwaka 1986, wakati ambapo hakuna aliyedhani kwamba adui angeweza kuketi kwenye kikao hicho. Mwaka 2022, jijini London, mtaalamu wa usalama wa magari aliikuta Toyota RAV4 yake imefunguliwa sehemu ya taa ya mbele, siku chache baadaye ikaibwa, na uchunguzi wake uliotangazwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wezi walijiunga na mtandao huo kupitia nyaya za taa na kuwatangazia vifaa vingine kuwa ufunguo umekubaliwa.

Sasa, haya yote yanatuhusu vipi sisi tunaoendesha gari lenye umri wa miaka 15 kati ya Kisasa na Mtumba? Yanatuhusu kwa kuchelewa. Gari tunalolinunua limebeba kufuli ya mwaka lilipotengenezwa na la nchi lilipotengenezewa, na kwa kuwa Japani haikuweka sharti kama la Ulaya, magari mengi madogo ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalifika kwetu bila imobilaiza. Mengi hufika yakiwa na ufunguo mmoja tu, na mwenye gari mwangalifu huenda kwa fundi funguo kuchongesha wa akiba, jambo la busara, ingawa hakuna anayejua ni funguo ngapi zilizokuwepo mwanzo. Kwa hiyo, barabara zetu zina vizazi vitatu vya kufuli kwa wakati mmoja, na kila kizazi kina mwizi wake.

Hata hivyo, kwa uonavyo moyo wangu, wizi unaomuumiza Mtanzania wa kawaida mara nyingi zaidi si wa gari zima. Ni wa vipande, ile njia ya kuchinja. Saitimira, taa, swichi za pawa windo, betri, redio, na kwa miaka ya karibuni kontroboksi na masega. Masega ni kile kifaa kilichomo kwenye ekzosi, chenye vitundu kama sega la nyuki, ambacho husafisha moshi kwa msaada wa madini ya platini, paladiamu na rodiamu. Madini hayo ni machache mno kwa uzito, lakini bei yake katika soko la dunia ndiyo inayomfanya mtu alale chini ya gari na msumeno. Hapo mwizi wa Dodoma na mwizi wa California wanafanya kazi kwa ajili ya bei moja iliyopangwa mbali na wote wawili. Mwenye gari mara nyingi hajui alichopoteza hadi injini inapoanza kunguruma kwa sauti ngeni, na kuna wanaopoteza masega gereji kwenyewe wakiambiwa kwamba yameziba na yanapunguza nguvu ya gari. Mchora vioo hayafikii masega, na mzee wa Sabasaba alikuwa anajua anachokisema.

Wizi mwingine ambao hakuna kufuli itakayouzuia ni ule unaofanyika mchana, kwa ufunguo halali, baada ya chai. Mtu anakodi gari kwa siku tatu, anaacha nakala ya kitambulisho na malipo ya awali, kisha analiweka bondi kwa mkopeshaji, au analiuza kwa mkataba ulioandikwa mezani na kadi iliyoghushiwa. Mji wa Dodoma umekuwa na biashara kubwa ya kukodisha magari tangu Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, na watu wengi wanaokuja kwa vikao vya Bunge au kufuatilia shughuli wizarani hawajulikani kwa mtu yeyote mtaani, kwa hiyo uaminifu hujengwa kwa suti na lugha. Wapo wanaodhani kwamba hilo ni deni la kiraia, kwa sababu gari lilitolewa kwa hiari. Kanuni ya Adhabu haisemi hivyo: wizi unahusu pia kuigeuza mali ya mtu kwa hila kwa matumizi ya asiye mwenyewe, na aliyepewa gari alitumie siku tatu hakupewa haki ya kulifanya lake. Aliyelipokea kwa bondi naye anasimama pabaya, maana muuzaji au mwekaji hawezi kumpa mwingine haki asiyokuwa nayo.

Na kuna wizi unaotokea pale kufuli inapokuwa ngumu kuliko mtu. Nchi mbalimbali zimeliona hili, Afrika Kusini ikiwa mfano unaotajwa mara nyingi: gari lisipokubali kuwaka bila ufunguo, mhalifu humfuata mwenye ufunguo. Sheria yetu inaliweka jambo hilo katika daraja lake, kwani unyang'anyi wa kutumia silaha, chini ya kifungu cha 287A, una kifungo kisichopungua miaka 30. Lakini aliye hatarini zaidi kwetu si mwenye gari kubwa. Ni dereva wa bodaboda. Pikipiki zilizoruhusiwa rasmi kubeba abiria kwa kanuni za mwaka 2010 kwa kawaida zina ufunguo mtupu usio na chipu, zinafanana kama zilivyofanana Ford za rangi nyeusi, huingia kwenye gari dogo la mizigo na kufunikwa turubai, na vipuri vyake vinaingiliana. Zaidi ya hayo, kazi yenyewe inamtaka dereva amchukue mtu asiyemjua, usiku, na kumpeleka mahali ambapo mtu huyo ndiye anapachagua. Ni sharti zito kumwekea kijana, na wanaopoteza maisha kwa ajili yake ni wengi mno kwa mtu yeyote kulichukulia kuwa jambo la kawaida.

Jirani yangu mmoja wa Nkuhungu hakudhuriwa, Mungu ni mwema. Alisimama nje ya soko la Majengo, akapandisha mzigo wa mteja ghorofani, na aliposhuka, kwa makadirio yake dakika tano, palikuwa na alama ya tairi kwenye vumbi na hapakuwa na pikipiki. Ilikuwa ya mkataba, kwa maana kwamba mwenye mtaji aliinunua na yeye alikuwa akirudisha fedha kila wiki hadi iwe yake, na ilikuwa imebaki miezi minne. Bima yake ilikuwa ile ndogo, ambayo hulipa madhara utakayomsababishia mtu mwingine barabarani na haikujui wewe unapoibiwa. Mkataba haukusema lolote kuhusu wizi, kwa hiyo hesabu iliendelea. Kwa miezi hiyo yote alipanda deiwaka kwenye pikipiki za wenzake wanapopumzika, akapeleka fedha kila Jumamosi kwa ajili ya chombo ambacho huenda wakati huo kilikuwa kimeshapakwa rangi nyingine. Historia ya teknolojia ya kufuli inasimulia wavumbuzi na wezi, na mara chache sana humkumbuka mtu wa tatu, yule anayeendelea kulipa.

Mbali pia kumekuwa karibu. Dodoma iko kwenye njia kuu ya kale inayotoka kusini mwa bara kuelekea Cairo, na lami iliyokamilika katika muongo wa 2010 kuelekea Iringa na Babati imeufanya mji kuwa njia panda ya kweli: kutoka hapa gari linaweza kushika kaskazini, kusini, magharibi kwa Singida au mashariki kwa Morogoro bila kugusa tope. Nchi yetu inapakana na nchi nane. Ndiyo sababu Tanzania imo katika ushirikiano wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki na ule wa Kusini mwa Afrika, na hazina ya taarifa ya Interpol kuhusu magari yaliyoibwa inaweza kuulizwa na polisi wa nchi yoyote mwanachama. Katikati ya miaka ya 2010 Lexus iliyoibwa Uingereza, ikiwa na kifaa cha kufuatilia kilichofichwa, ilisomwa safari yake hadi bandari ya Mombasa na kisha Uganda, ambako ilikutwa pamoja na magari mengine ya wizi. Njia ya kuswaga siku hizi inapita baharini, na daftari ambalo halisomeki na daftari jirani ni sawa na alama ya sikio iliyofika kwa watu wasioijua.

Majuma machache baada ya kumwona mchora vioo, nilimsindikiza ndugu yangu kutazama gari alilotafutiwa na dalali huko Chang'ombe. Alikuwa amekuja na fundi wake mwenyewe, mtu mzima wa maneno machache, ambaye hakuuliza bei wala mwaka. Alifungua boneti, akachovya kitambaa kwenye petroli, akasugua ukuta ulio nyuma ya injini hadi grisi ikatoka na chuma kikaonekana. Alitazama kwanza kama kuna mshono wa kuchomelea kuzunguka namba, kama rangi ya hapo ni mpya kuliko ya jirani yake, kama tarakimu zimekaa kwenye mstari mmoja na kina kimoja. Kisha akawasha tochi ya simu na kuanza kuisoma namba kwa sauti, moja moja, huku ndugu yangu akizifuata kwa kidole kwenye kadi. Dalali alianza kueleza kwamba kuna mteja mwingine njiani. Fundi aliinua mkono kumnyamazisha, akarudia kusoma kuanzia mwanzo, na tarakimu ya mwisho ilipolingana akamwambia ndugu yangu, "Bado jina la mwenyewe. Twende TRA kwanza, bei tutaizungumza tukirudi."